Bikoni Nilizozing'oa Heru Juu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nilipofika kwenye shamba la mihogo aliloniachia baba kule Heru Juu nikakuta bikoni tano zimesimikwa kati ya matuta. Zile nguzo fupi za zege, ambazo wapima ardhi huzitumia kuonyesha mipaka ya viwanja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, damu inachemka, na akili, nisikufiche, ilikuwa nusu.

Siku hizo mji wa Kasulu ulikuwa unatupandia mlimani. Watumishi waliletwa kutoka mikoa mingine na nyumba za kuwatosha hazikuwepo. Mwalimu Rehema, mzaliwa wa Tanga, aliyemfundisha mdogo wangu hesabu, alikuwa akilala na watoto wake wawili kwenye stoo ya duka. Ndipo utaratibu ukabadilishwa. Viwanja vidogo, ambavyo zamani vilikatazwa, vikaruhusiwa. Na sisi wenye mashamba tukaambiwa tukitoa ardhi ipimwe, viwanja vingine vitabaki vyetu kwa hati, vingine watapewa wanaotaka kujenga. Mwalimu Rehema alikuwa ameshaomba kimoja.

Mkutanoni nilinyoosha mkono kukubali, kwa sababu wenzangu walinyoosha. Baadaye jirani mmoja akaniambia barabara itapita juu ya kaburi la baba. Mwingine akasema kaburi litabaki, ila shamba lote litakwenda. Wa tatu akasema vyote viwili ni kweli. Kichwa kilinivurugika kabisa. Basi asubuhi ile nikachukua sururu, nikazing'oa bikoni zote, nikazitupa korongoni.

Shangazi yangu Sabina alinikuta najifuta jasho.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. "Barabara inapita wapi?"

"Kaburini kwa baba."

"Nani kakuonyesha?"

"Watu wanasema."

"Ramani imebandikwa ukutani ofisi ya kata. Umekwenda kuitazama?"

Nikaanza kukwangua udongo kwenye sururu.

"Mwana wa kaka yangu, hakuna atakayekucheka kwa kutoelewa. Lakini unang'oa kwanza, halafu ndiyo uulize?"

Akaniongoza kwa miguu mpaka ofisini. Afisa ardhi akaweka kidole kwenye ramani: kaburi limezungushiwa mstari, limeachwa, na barabara iko mbali nalo. Niliomba radhi mpaka sauti ikakauka. Wapimaji, hata hivyo, walikuwa wameshahamia kazi ya Buhigwe, na hawakurudi kwetu mpaka mwaka ulipopita; bila bikoni, viwanja havikuweza kugawiwa.

Mwalimu Rehema hakungoja. Aliomba uhamisho. Siku ya kuondoka alinipa mkono, akasema, "Sina kinyongo, kaka. Ila wanangu walikuwa wanakohoa mle stoo." Mdogo wangu alimaliza shule bila mwalimu mwingine wa hesabu. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walijua. Mimi nilimfungia mgeni mlango, na ugonjwa ukabaki nyumbani kwetu.

Leo pale pamejaa nyumba. Wauguzi wa hospitali ya Kabanga wanapanga vyumba, watoto wanacheza barazani. Nami, mtu niliyelelewa kwa mihogo, nanunua unga sokoni. Tulipata au tulipoteza? Siku nyingine nikisikia kicheko madirishani nafurahi; siku nyingine natafuta tuta la kwanza lilipokuwa, nazunguka kama mgeni.

Kwa hiyo sikuambii ukubali kila mpango, wala uukatae. Mji ukibisha hodi shambani kwako, nenda ukaone kwa macho yako, uulize, uulize tena. Kuuliza si ujinga, na hasira ni hasara. Na unapoamua, mkumbuke asiye na pa kulala, maana mara nyingi hayupo kwenye kikao kujisemea.

Mungu akupe paa lisilovuja, akupe majirani wema, na kifua kipana cha kumpisha mwenzio naye ajenge. Amina.