Mkalimani wa Chiriku

Mama Chiriku alikuwa fundi cherehani, na sare za shule ya msingi iliyokuwa mwisho wa barabara zilitoka mikononi mwake. Kola zake hazikujikunja, na marinda yake yalikaa sawasawa hata mtoto aruke kamba kutwa nzima. Asubuhi watoto wakipita mbele ya kibanda chake, aliinua macho kidogo, akatazama mapindo, akarudi kwenye kazi yake.

Binti yake hakuwa miongoni mwao. Chiriku alizaliwa kwa taabu, akachelewa kulia, na daktari akasema ni mtindio wa ubongo. Miguu haikumbeba, mikono ilikwenda itakako yenyewe, na udenda ulimtoka. Lakini kusema, alisema! Tangu anaamka hadi anasinzia, kwa maneno mazito yaliyotoka vipande vipande, ambayo masikio ya wageni hayakuyashika. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma. "Huyu akipata ulimi mwepesi," alisema, "sisi tutahama nyumba." Baba aliambulia nusu ya maneno yake. Shangazi aliambulia machache. Mama aliyaelewa yote.

Alimpenda mwanawe, hilo halina ubishi. Alimwogesha, alimlisha, alimfundisha kuhesabu kwa vifungo na kusoma kwa magazeti ya zamani aliyoyatumia kukatia vipimo vya nguo. Ila alimfundishia katika chumba cha nyuma ya kibanda. Mteja akibisha hodi, alivuta pazia kwanza, kisha ndipo akasema karibu. Moyoni alijiambia anamkinga mtoto na macho ya watu.

Umri wa shule ulipofika, alikwenda peke yake kumwona mwalimu mkuu. Walijuana vizuri, mwanamke yule ndiye aliyempa kazi ya sare.

"Mama Chiriku, wewe ni mtu wangu," mwalimu alimwambia. "Lakini madarasa yangu yana ngazi, na sina wa kumhudumia. Mtoto kama huyo anahitaji mahali pake."

Mahali pake palikuwa wapi, hakusema. Mama Chiriku akajibu, "Asante, mwalimu," akarudi kushona. Asante ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mumewe ndiye aliyesikia, kwa mtu aliyemtengenezea geti, kwamba kuna ofisi inayowasaidia bila malipo wazazi wenye watoto walemavu katika mambo ya sheria. "Twende tu," akamwambia mkewe. "Kuuliza si ujinga."

Wakili waliyemkuta alikuwa binti mdogo kwao kwa umri, lakini hakuzungukazunguka. "Shule ya umma haina ruhusa ya kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya ulemavu," alisema. "Ngazi si kosa la mtoto. Tutakata rufaa kwenye kamati ya elimu."

"Na mwalimu nitamtazamaje usoni?" aliuliza Mama Chiriku.

"Hatugombani naye, mama. Tunadai haki ya mtoto. Ila siku ya kusikilizwa, njoo naye. Kamati inataka kumwona na kumsikia mwenyewe."

Chiriku alipoambiwa atakwenda kuzungumza na wakubwa, nyumba haikukalika. Alichagua mwenyewe gauni lenye kola ya njano. Siku yenyewe baba alikuwa mji mwingine, ameshikwa na kazi ya paa, hivyo mama alimvalisha peke yake. Alipomaliza akasimama kumtazama. Akauona ukumbi wa kamati kabla hajafika: meza ndefu, bilauri za maji, watu waliovaa suti. Akauona mkono wa Chiriku unaangusha bilauri. Akawaona wale watu wakitazama udenda, halafu wakitazama pembeni.

Akamvua gauni.

"Wifi, kaa naye," alimwambia dada ya mumewe. "Huko jua ni kali."

Chiriku alimtazama mama yake bila kusema neno. Na Chiriku akinyamaza, kuna jambo.

Ukumbini, mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye sauti ya upole, aliuliza mtoto yuko wapi.

"Ana homa, mheshimiwa."

Wakili aligeuka kumtazama. Mwalimu mkuu, aliyeitwa naye kujieleza, akaomba nafasi.

"Mheshimiwa, huyu mama kwangu ni kama ndugu. Lakini kibandani kwake naingia kila mara, na mtoto huyu sijamwona hata siku moja. Kama mama mzazi anaona tabu kumtoa mbele za watu, mimi nitamwekaje katikati ya darasa?"

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake, na hilo ndilo lililouma. Mama Chiriku aliinamisha kichwa. Kumbe pazia lile, alilodhani ni siri yake na ukuta, leo limekuja kusimama upande wa pili wa kesi.

"Basi," alisema mwenyekiti, "kama mtoto anaumwa, nasi ni wazazi. Tukitoka hapa tutapita kumjulia hali."

"Msijisumbue, mheshimiwa!"

"Kumwona mgonjwa si usumbufu, mama."

Njiani alijaribu kumpigia wifi simu. Haikuita. Simu ya wifi ilikuwa na kila kitu isipokuwa chaji.

Wakafika pamoja na mwalimu mkuu na wakili, wakamkuta Chiriku mlangoni mwa kibanda, kwenye kiti cha magurudumu alichochomelewa na baba yake, shangazi akimsuka nywele, wote wawili wanacheka mpaka machozi.

"Pole na homa, mwanangu," mwenyekiti alimwambia.

Chiriku alimtazama yeye, kisha mama yake. "Ho-ma? Si-na."

"Homa gani tena?" shangazi akadakia, kwa nia njema kabisa. "Huyu tangu asubuhi kazi yake kunivunja mbavu tu!"

Mama Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuna aliyemkemea. Mwenyekiti alivuta kigoda, akakaa mbele ya mtoto, macho kwa macho.

"Kama huna homa, mbona hukuja?"

Chiriku alijikusanya. Mabega yakapanda, shingo ikapinda, na maneno yakaanza kutoka, marefu, yakikwama na kukwamuka. Alipomaliza, watu wote wakamgeukia mama.

"Amesemaje?"

Alikuwa amesikia kila silabi. "Anasema... anasema gauni lake halikuwa limekauka."

"Si-yo!" Chiriku alipiga kiti kwa kiganja. Hilo halikuhitaji mkalimani. Akarudia upya, polepole zaidi, na safari hii hakumtazama mama yake, alimtazama mwenyekiti.

Mama Chiriku alishika nguzo ya kibanda. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema hajaelewa, nao wangeamini, na mtoto angebaki kuwa yule asiyeeleweka.

"Anasema mama yake anaona aibu kuonekana naye," alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini aliisikia kama ya mtu mwingine. "Anasema yeye haoni aibu. Alitaka kuja kuwaambia kwamba anajua kusoma."

Mwenyekiti aliinama, akaokota kipande cha gazeti chini ya cherehani, akakishika mbele ya Chiriku. Chiriku akasoma. Mama alifungua kinywa atafsiri, lakini mwalimu mkuu alimtangulia.

"Amesema mvua," mwalimu alisema. Akasogea karibu, akainama. "Endelea. Mvua... mvua kubwa. Mvua kubwa yaharibu... ndiyo, nimekusikia. Barabara." Akasimama wima, akasema bila kumtazama mtu, "Nilisema hapana kabla sijamsikia."

Wageni walipoondoka, Mama Chiriku alimfuata wakili. "Nimeiharibu kesi yako."

"Haijaharibika. Lakini ile homa ungeniambia mimi kwanza."

"Niliona aibu."

"Najua, mama. Wengi wanaokuja kwangu huja nayo. Siyo wewe peke yako."

Maneno hayo yalikusudiwa kumfariji, lakini hayakumfariji. Alirudi ndani, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Nisamehe, mwanangu."

Chiriku alifikiri. "Ba-do," alijibu, akaomba maji ya kunywa.

Mumewe aliporudi safarini alimsimulia yote, hata lile la gauni. Alitegemea ugomvi. Mumewe alikitazama kile kiti. "Unaona magurudumu yake?" alisema mwishowe. "Ni madogo. Ya sakafuni. Nilipokitengeneza, barabara haikunijia kichwani hata kidogo." Kesho yake alikipeleka karakana, akakifunga magurudumu makubwa ya baiskeli.

Kamati iliamua Chiriku apokewe, shule ijengewe njia ya mteremko pembeni ya ngazi, na apatikane msaidizi darasani. Mteremko ulichelewa, kama mambo ya serikali yanavyochelewa, na wakili alikwenda kuwakumbusha mara kadhaa mpaka ukajengwa. Kazi ya sare ilibaki kwa Mama Chiriku. Mwalimu mkuu aliendelea kuja kibandani, ingawa kwa muda mrefu wanawake hao wawili walizungumza vitambaa tu.

Siku ya kwanza ya shule, mama alikisukuma kiti barabarani mchana kweupe. Chiriku alimsalimia kila aliyepita, mbuzi pia. Jirani mmoja akasimama na ndoo yake kichwani.

"Kumbe ndiye Chiriku mwenyewe! Sisi siku zote tulijua yuko kwa bibi yake."

Uso ulimwaka Mama Chiriku. Angeweza kucheka, akapita. Akasimamisha kiti.

"Hajawahi kukaa kwa bibi yake," alisema. "Alikuwa ndani. Mimi ndiye niliyemweka ndani."

Jirani aliitua ndoo. Chiriku naye alikuwa na la kusema, refu, na mama akasimama palepale kulitafsiri lote, huku kengele ya shule ikilia.