Mwisho wa Mfereji

Mwaka ule biashara huria iliporuhusiwa, malori ya kununua nyanya yakaanza kupanda mpaka kwetu Vudee, milimani Upare. Nami ndiyo kwanza nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni, na hesabu nilizijua kuliko serikali nzima.

Vuli ikakataa kunyesha. Ndiva yetu, bwawa tunalokingia maji ya kijito na kuyafungulia asubuhi, ikajaa nusu; hata vyura walikuwa wakioga kwa zamu. Mwenyekiti wa mfereji akanipa kazi ya kupanga zamu za maji.

Nikapanga kisomi. Maji yakienda mbali hupotea njiani, kwa hiyo wapewe wenye nyanya walio juu, karibu na ndiva. Nami nilikuwa mmoja wao, lakini hilo sikuliandika. Kwa jumla kijiji kingevuna zaidi. Angekosa mtu mmoja tu, bibi mjane wa mwisho wa mfereji, ambaye maharage yake ndiyo yalikuwa chakula chake cha mwaka.

Nikausoma mpango siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja kijijini, sote tukizoa tope mferejini. Ulipigiwa makofi mpaka mbega wa msitu wa Shengena wakahama.

Bibi akaegemea jembe. "Mwanangu, kwa jumla tutavuna zaidi?"

"Zaidi sana, bibi."

"Hiyo jumla inakaa nyumba gani, nikaiombe chakula?"

Watu wakacheka. Jirani yangu, mkulima mwenzangu wa nyanya, hakucheka. "Bibi, mtu mmoja asizuie wengi."

"Sizuii. Mpango upite. Ila kwanza tupige kura kwa vijiti, na msimu huu kila mtu alime shamba litakalomwangukia. Atakayepata langu, aisalimie hiyo jumla."

Akavunja vijiti palepale, kimoja kwa kila shamba, na kimoja akakifanya kifupi kuwa ndicho cha shamba lake. Akavificha kiganjani, akaninyooshea mimi. "Anza wewe, msomi."

Mkono wangu uliowahi kujaza madaftari elfu ukakataa kunyooka. Nikamtazama jirani, naye alikuwa akitazama buti zake.

Nikaketi juu ya jiwe, nikaandika upya, safari hii kama mtu asiyejua kijiti chake. Mwisho wa mfereji upate maji kwanza, asubuhi ndiva ikifunguliwa. Sisi wa juu tugawane yanayobaki.

Nikausoma. Hakuna aliyepiga makofi, wala aliyepinga.

"Sasa naweza kuchomoa kijiti, bibi," nikasema.

"Sasa vya nini?" Akavichomeka kwenye mzigo wake wa kuni.

Nyanya zangu zilitoka ndogo kama ndulele, na lori halikuzitaka. Bibi alivuna, akaniletea maharage bakuli moja. Nikayapika na nyanya zile.