Masele na Kisu cha Minofu

Masele Luhaga alikuwa na miaka arobaini na tisa alipoanza kujifunza kazi upya. Alikuwa jirani yetu pale Igogo, mtu mrefu, mkimya, mwenye mabega yaliyoinama. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amesimamia mashine za kufuma vitambaa katika kiwanda kimoja cha nguo, mpaka mwaka 1995 walipobandika majina ya waliopunguzwa kazini. Jina lake lilikuwa la nne kutoka juu. Alilisoma mara mbili, akachukua kikombe chake cha chai na kandambili zake, akarudi nyumbani kwa miguu.

Alikaa nyumbani miezi saba. Alitengeneza mlango, akaziba paa, akatengeneza mlango uleule tena. Mkewe, Bernadeta, alikuwa akiuza mihogo ya kuchemsha karibu na soko, na alipokuwa akirudi jioni alimkuta mumewe amekaa palepale alipomwacha, amechoka kuliko yeye aliyeshinda juani. Kukaa bure kulimmaliza Masele. Usingizi ukamwisha, na hamu ya chakula ikafuata.

Basi shemeji yake, Mihayo, aliyekuwa anapakia maboksi kwenye kiwanda cha samaki, akaja na habari kwamba wanatafuta watu wa kukata minofu. Miaka ile viwanda vya sangara vilikuwa vinafunguliwa ufukweni kimoja baada ya kingine, na minofu ilikuwa inasafirishwa Ulaya kwa ndege. Masele alisema yeye hajui kisu, ila cha kuchinjia kuku. Mihayo akamwambia hakuna aliyezaliwa anajua. Watampa wiki mbili za kujifunza, akishindwa watamtoa.

Kitu kimoja Masele hakumwambia Mihayo, wala hakumwambia msimamizi aliyemwandikisha, bwana mmoja anayeitwa Farouk. Mashine za kufuma zilikuwa zimeliua sikio lake la kushoto. La kulia lilikuwa linasikia, lakini kwa shida, kama mtu anayezungumza naye yuko nyuma ya ukuta. Sisi majirani tulikuwa tumezoea kupaza sauti. Yeye alidhani akisema ukweli huo, hata hizo wiki mbili hatazipata.

Walimweka chini ya Sihaba, msichana wa Mirongo mwenye miaka ishirini na minne, ambaye kwa kisu hakuwa na mpinzani katika chumba kile. Asubuhi ya kwanza alimwamkia shikamoo kwa adabu, Masele akaitikia marahaba, kisha Sihaba akasimama kushoto kwa Masele kwenye meza ya chuma na kuanza kumfundisha.

Kazi yenyewe kuitazama ni rahisi. Sangara analazwa ubavu, kisu kinaingia nyuma ya kichwa mpaka kigonge uti wa mgongo, halafu kinageuzwa kilale, kinateleza juu ya mifupa hadi mkiani, na mnofu unanyanyuka mzima. Sihaba alifanya hivyo huku akizungumza, wala hakuangalia mkono wake. Alimweleza Masele kwamba siri iko kwenye sauti: kisu kikipita juu ya mfupa sawasawa kinakwaruza taratibu, kikinyamaza, ujue umeingia kwenye nyama na unaiharibu. Alimwambia asikilize mfupa.

Masele aliitikia kwa kichwa. Hakuwa amesikia hata nusu.

Siku zile zilikuwa nzito. Chumba kilikuwa baridi, sakafu maji matupu, na samaki walikuja wamefunikwa barafu. Ilipofika saa nne vidole vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya glavu, na miguu imevimba ndani ya mabuti ya mpira. Sangara wake walitoka vibaya. Nyama nyingi ilibaki kwenye mifupa, na mnofu ulitoka vipandevipande kama kitambaa kilichotafunwa na panya. Farouk alikuwa anapita, anainua mfupa, anauangalia, anaurudisha bila neno. Masele aliona heri angetukanwa.

Akifika nyumbani alikuwa analala na nguo zake. Bernadeta alikuwa anamvua mabuti naye hajui. Siku ya nne alimwambia, kwa sauti ya juu karibu na sikio lake zuri, kwamba kama kazi imemshinda waende zao Misungwi wakalime, shamba la baba yake bado lipo. Masele akajibu kwamba hata jembe nalo lina kujifunza, na mgongo wake ni huuhuu.

Siku ya sita mambo yaliharibika. Walikuwa wameletewa samaki mkubwa, kilo kumi na zaidi, na Sihaba alitaka Masele amkate peke yake, yeye akimwelekeza. Masele aliingiza kisu vizuri. Sihaba akamwambia ageuze. Hakugeuza. Akamwambia tena ageuze, asimame hapo, asisukume. Masele akasukuma. Kisu kikapita tumboni, kikapasua nyongo, mnofu wote ukawa wa kijani, na ncha ikatokea upande wa pili ikamkata kidole.

Farouk alikuja. Alimtazama samaki, akamwambia Sihaba kwamba mzee huyu hafundishiki, Jumatatu ahamishiwe kwenye kuosha sakafu, na kama hapendi aende. Kisha akaondoka zake.

Sihaba alimpeleka Masele nje kumfunga kidole. Walikaa kwenye kreti zilizopinduliwa, ziwa likiwa mbele yao, tulivu, na korongo wakigombea matumbo ya samaki. Alimfunga bila kumtazama. Alikuwa na hasira, maana aliona kwamba mtu mzima huyu alikuwa anamdharau kwa sababu ni msichana.

Mwishowe akamsogelea usoni, akasema, "Baba, nimekuambia mara mbili. Kwa nini hunisikilizi?"

Masele alitazama midomo yake. Alikuwa amechoka mno kuendelea kuficha.

"Sikusikii, mwanangu," alisema. "Sikio la huku limekufa. Mashine za nguo."

Sihaba alilitazama sikio lile. "Siku zote hizi? Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungenipeleka kwa msimamizi."

"Ningehama upande tu," Sihaba alisema.

Masele aliinamisha uso wake. Baadaye aliniambia kwamba miezi yote ile hakulia, si siku ya majina ukutani wala siku yoyote nyingine, lakini pale kwenye kreti machozi yalimtoka, na alishindwa kuyafuta kwa sababu mikono ilinuka samaki.

Sihaba alikwenda kwa Farouk. Alichomwambia sikijui, ila alirudi na siku zilizobaki za zile wiki mbili. Kesho yake alisimama upande wa kulia. Kuhusu ile sauti ya mfupa, Masele ndiye aliyemweleza kitu. Alimwambia kwamba kule kiwandani hakuna aliyesikia chochote, mashine mia zikinguruma pamoja; walikuwa wanaweka kiganja juu ya chuma, na uzi ukikatika waliujua kwa mtetemo. Sihaba alifikiri, akamvua glavu nene ya mkono wa kisu, akampa nyembamba. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa Masele na kukata samaki mmoja naye, polepole, toka kichwani hadi mkiani. Chini ya vidole Masele akausikia mfupa, ukikwaruza kidogokidogo.

Hakuwa fundi siku ile. Alikata sangara arobaini na kuharibu tisa. Lakini siku ya kumi na mbili Farouk aliinua mfupa wake, akauangalia, akautupa kwenye pipa, akapita. Sihaba akamwambia hiyo ndiyo sifa yenyewe, asingoje nyingine.

Jioni hiyo nilikutana naye akipandisha kilima baina ya mawe, akisimama kila hatua kumi kupumua. Nilimuuliza kazi vipi. Akasema ameandikwa. Nikampongeza, akaitikia kwa kichwa, akaniomba nimwazime bega mpaka mlangoni kwake, maana magoti yalikuwa yamegoma.

Alikata minofu miaka minne. Hakuwahi kuwa na kasi ya Sihaba, ila mifupa yake ilitoka safi, na wale wanawake wanaonunua mapanki, yaani ile mifupa inayobaki, kwa ajili ya kukaanga walikuwa wananung'unika kwamba meza ya yule mzee haiwaachii kitu. Baridi ndiyo iliyomtoa mwishoni, ilipokakamaza vidole vyake visiweze kushika kisu. Walihamia Misungwi yeye na Bernadeta. Aliposalimiwa kule na kuulizwa alikuwa na kazi gani mjini, nasikia alitaja mbili.