Kiti cha Mama Mkunga

Juzi nilikuwa Mabanga, katika duka la vipuri vya baisikeli, akaingia mama wa miaka sitini na kitu. Ni mkunga, na kila asubuhi hupiga pedali hadi Mugunga kuwaona wanawake waliojifungua. Alisema kiti chake kinamwumiza na anataka kingine, ila akijaribu kukikalia kwanza kabla ya kununua.

Muuzaji hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Mama, kiti ni kiti. Na hii miaka yako, kupiga pedali ku kinga ya nini tena? Bakia ku nyumba upumuzike."

Wanaume wawili waliokuwa dukani wakacheka. Mama akaokota kipande cha katoni, akakiweka kwenye ngazi ya mlango, akakikalia wima mbele yetu sote. Aliponyanyuka, katoni ilikuwa imebonyea mahali pawili, pale mifupa ya makalio ilipokandamiza. Akapima nafasi ya katikati kwa vidole, akavipeleka vidole vile vile kwenye viti, kimoja kimoja. Vyembamba akaviacha. Kipana kilichotundikwa juu kikalingana.

"Hii njo yangu," akamwambia muuzaji. "Mutu anakaaka ku mifupa, papa, hapana ku miaka."

Muuzaji akaweka simu kando, akakishusha.

Mimi nilitoka pale damu ikinichemka. Kanisani tunampisha mzee benchi, njiani tunavua kofia kumsalimu. Lakini akiomba kiti kisichomwumiza ili afike kazini kwake, tunamwambia akalale. Hiyo tunaiita heshima. Mimi naiita kumzika mtu angali anapumua, tena kwa kicheko.