Mikeka Yangu na Nauli ya Maskati

Nilimwonea wivu mke mwenzangu, na sasa nina wajukuu kumi na mmoja, sioni haja ya kuficha. Miaka ya tisini ikielekea kwisha, mafuriko yalipozoa migomba yetu kandokando ya mto, sote wawili tulishika kusuka mikeka ya miyaa. Yangu ilikuwa bora. Lakini wakala wa Mombasa alipokuja Garsen kutafuta mikeka ya kupeleka Maskati kwa meli, alianzia kwa mwenzangu. Nilimwona akinywa chai barazani pake, moyo ukaniungua.

Alitaka mtu mmoja tu, ataje bei ya mkeka ukiwa umeshafika bandari ya Maskati. Nikamuuliza nauli ya meli, akanitajia nauli ya msingi. Nikaijumlisha na bei yangu, basi. Bei yangu ikawa chini kuliko ya mwenzangu, kazi nikapewa.

"Dada, umeuliza yote?" mke mwenzangu akaniambia.

"Wewe kaa na chai yako."

Kwetu mkeka mpya haubanwi kabla haujakaliwa. Nikaikunja yangu legelege, kila mmoja peke yake, ikajaa lori kama magogo. Baada ya wiki kadhaa wakala akarudi na karatasi ndefu.

"Bibi, nauli ya msingi ni kubebwa baharini tu, bandari hii mpaka ile. Mafuta yakipanda, yanaongezwa. Kupakia, kupakua, hati, vyote juu yake."

"Na hii pesa kubwa hapa?"

"Mzigo mwepesi haupimwi kwa mizani, unapimwa kwa nafasi unayokula melini. Umesafirisha hewa, bibi."

Mke mwenzangu alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye alikuwa anajua: mkeka mdogo huutia ndani ya mkubwa, akaubana kwa goti, akafunga kamba. Faida yangu yote ikaliwa na bahari.

Safari ya pili akapewa yeye. Mikeka yake haikutosha, akaja mlangoni kwangu.

"Dada, nipe thelathini. Lakini nitaibana mimi."

Nilitaka kumfukuza, ila nyumba ilikuwa haina unga. Nikampa, nikageuza uso nisione lile goti.

Kwenye hati ya mzigo liliandikwa jina lake peke yake. Nikamwomba wakala aandike humo watu wa Maskati waangalie kingo, zile zisizofumuka ni zangu.

"Bibi," akasema, "hati ya meli haiandikwi hivyo."