Baba Mkwe Alinifuata Tunduma

Nianze kwa kukiri, maana najua mtasema tu: ndiyo, kichwa changu siku ile kilikuwa kimelewa hewa ya mkaa. Nakubali. Lakini kulewa si upofu, na nilichokiona nilikiona. Mwanangu Tumaini yupo, mtu mzima sasa, akija likizo anamaliza ugali wangu. Kama unabisha kisa hiki, nenda kamwambie yeye kwamba hayupo.

Tunaishi Ileje, upande wa bondeni karibu na Mto Songwe, ambako joto ni mwenyeji. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, shule zilipofungwa mwezi wa sita akanijia anacheka. "Mama Tumaini, jiandae. Tunapanda kaskazini, Tunduma, tukale baridi na vya mjini." Mimi nilikuwa sijawahi kulala gesti maishani mwangu. Nguo za safari nilizifua mara mbili.

Baridi ile niliipenda, nisikufiche. Asubuhi ukungu unashuka hadi kwenye matairi ya malori ya Zambia, yamepangana barabarani hayajui yatavuka lini, na kila anayefungua mdomo anatoa moshi. Nami nikawa napuliza makusudi, haa, haa, mpaka mume wangu akaniomba nimtunzie heshima ya ualimu. Akaninunulia sweta zito la mitumba, la kijani, na mtoto akapata kofia yenye masikio. Na kula je? Asubuhi supu na chapati. Mchana chipsi mayai, mara yangu ya kwanza kuzionja. Jioni chai ya tangawizi na mikate laini iliyovushwa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nilikula kama mtu aliyeambiwa kesho hakuna chakula.

Siku ya tatu baridi ikazidi mapenzi yangu. Tulirudi gesti mchana, manyunyu yanaanguka, matumbo yamejaa, mikono ya Tumaini imekuwa ya barafu. Alikuwa hajatimiza mwaka. Uani kulikuwa na jiko la mkaa, ambalo msimamizi wa gesti, Mama Zuhura, mtu wa Kondoa, alikuwa akiniazima kupikia uji wa mtoto. Alipoingia ndani kuswali, nikalibeba likiwa na mkaa mwekundu, nikaliingiza chumbani kwetu. Nikafunga dirisha. Nikachukua kanga, nikaziba uwazi wa chini ya mlango, baridi isipate hata pa kuchungulia.

Usinicheke. Kwetu tunapika kwa kuni, na adui tunayemjua ni moshi. Mkaa ukishaiva hauna moshi, basi una ubaya gani? Mume wangu, mwalimu mzima, akaota moto akasema, "Mke wangu, una akili." Tukalala wote watatu kitanda kimoja, mtoto katikati.

Sasa lazima nikueleze jambo la kwetu, usije ukaniacha njiani. Mke wa kijana hakutani na baba mkwe. Si chuki, ni heshima. Humtazami usoni, hutaji jina lake, nyumba aliyomo huingii. Ukimwona njiani unajifunika na kuingia vichakani mpaka apite. Mimi nilikaa kwenye kaya ya mzee yule miaka minne na sura yake siijui. Nilichokijua ni miguu yake na kikohozi chake. Akikaribia mahali nilipo anakohoa mara mbili, taratibu, nipate muda wa kuondoka.

Basi, nimelala, kichwa kinagonga, miguu kama si yangu, na usingizi mtamu unanivuta kwenda chini. Nikasikia mtu anakohoa. Mara mbili, taratibu.

Nikafumbua macho kidogo. Pale karibu na jiko niliona miguu ya mzee. Mikavu, ina vumbi la kwetu bondeni, na nje ni matope matupu. Mlango umefungwa, kanga yangu ipo palepale nilipoichomeka. Je, nilijiuliza ameingiaje? Wala! Nilichowaza ni aibu tu: nimelala kitandani mbele ya baba mkwe! Naye akageuka, akaelekea ukutani kunipisha, kama alivyozoea. Nilijaribu kusimama, magoti yakakataa. Nikatambaa. Nikaichomoa kanga pale chini nijifunike kichwa, nikafungua mlango, nikatoka kwa magoti hadi uani.

Baridi ikanipiga usoni, nikamkumbuka mtoto.

Niamini, hapa ndipo panaponiuma hadi leo: sikurudi. Mwanangu yumo ndani, nami nimepiga magoti uani nimejifunika, kwa sababu mkwe yumo. Miguu ilikuwa haina nguvu, ni kweli, lakini hata ingekuwa nazo nisingeingia. Nilichoweza ni kupiga kelele.

Mama Zuhura akatoka mbio. "Kuna nini, mdogo wangu?"

"Nitolee mtoto, dada, yumo chumbani."

"Si uingie umchukue?"

"Siwezi. Baba mkwe yumo."

"Mkwe yupi? Nyie si mlikuja watatu tu?" Akanitazama nilivyojifunika. "Yaani mkwe ndo akufanye umwache mtoto? Makubwa haya!"

Lakini aliingia, Mungu ambariki. Nikasikia yowe: "Ya Allah! Jiko!" Akatoka na Tumaini, kichwa cha mtoto kinaning'inia, akanipakatisha, akarudi ndani na dereva mmoja wa lori aliyekuwa chumba cha jirani. Wakamburuta mume wangu hadi uani.

Mtoto wangu alikuwa mlegevu kama nguo iliyolowa. Nikamvua kofia, nikampuliza usoni, nikamwita jina. Manyunyu yanamwangukia, naye kimya. Nikamwita mpaka sauti ikanikauka. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Kisha akakunja uso, akapiga chafya, akalia. Ah! Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kilio kile. Nikalia naye. Mume wangu akatapika chipsi zote, akafumbua macho, akauliza tuko wapi.

"Na huyo mzee wako?" Mama Zuhura akaniuliza. "Mbona ndani hamna mtu?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Baba mkwe tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, kabla mvua hazijaanza. Nilikuwepo msibani, nikamlilia nikiwa nyuma ya nyumba, kama inavyopasa. Mwili wangu ulikumbuka kumkimbia, na kichwa kikasahau kwamba amekufa.

Zahanati walituambia tungechelewa kidogo tu tungezikwa wote watatu. Usiku ule nikamsimulia mume wangu, naye akakataa kisomi. "Hayo ni maruweruwe ya mkaa," akasema. "Na unaona umekosea? Baba hakuwa na kikohozi. Sijawahi kumsikia akikohoa."

Nikamtazama. Miaka yote ile hakuwa akijua. Mzee alikuwa mzima wa kifua. Alikuwa akikohoa kwa ajili yangu tu, nisifedheheke. Nilipomweleza, mume wangu aligeukia ukutani. Alivuta blanketi akajifunika uso, na nikasikia analia.

Tuliporudi Ileje nilikwenda kaburini kabla hata ya kutua mzigo. Nilijifunika, nikasimama mbali kidogo, maana sijui huko aliko heshima inakwendaje. Nikasema naye kwa mara ya kwanza. "Asante, baba. Mjukuu wako huyu hapa." Kila mwezi wa sita naenda, nampelekea togwa. Mama Zuhura naye amekuwa ndugu, na kila tukikutana lazima anitanie, "Mkwe wako hajambo?" Tunacheka, halafu kila mmoja anafuta machozi yake. Tangu siku ile silali dirisha likiwa limefungwa, hata baridi iume vipi. Mume wangu ananung'unika, lakini hathubutu kulifunga.

Nawe unayepanga kupanda kwenye baridi, panda, ule, ufurahi. Baridi ya Tunduma sijaikana, na chipsi mayai bado nazipenda. Ila jiko la mkaa liache uani. Usidanganywe na mkaa kwa kuwa hautoi moshi. Na kama unanisikiliza hapo ulipo umelifungia ndani, inuka sasa hivi ulitoe mwenyewe. Usingoje marehemu aje akuondoe, maana si kila marehemu ana adabu kama baba mkwe wangu.