Samaki Aliyemeza Mayai Yake

Nimehamahama mno, hata sina tena sahani niliyolia chakula mwaka juzi. Lakini akwariamu yetu ya Bukavu, lile sanduku la kioo la samaki, naiona bado, juu ya meza chini ya dirisha la saloni, yaani sebule yetu. Mwalimu mmoja Mbelgiji, aliyekuwa akirudi kwao, alimwachia Papa, baba yangu. Papa alikuwa dereva wa lori. Safari moja alirudi kutoka Uvira na bidoni, dumu la maji ya ziwa Tanganyika, ndani yake samaki wadogo kama kidole.

Dume alikuwa wa buluu, mwenye vidoa vya rangi ya machungwa.

"Huyu amevaa abakosti," Papa akasema, maana ndiyo suti ya wakubwa wa serikali siku hizo. "Na beji juu."

Jike alikuwa na rangi ya matope, na yeye ndiye aliyeleta maneno.

Wakati huo tantine, mdogo wake Papa, alikuwa amerudi kukaa kwetu. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na sasa alikuwa na nyingine. Koko, mama yao, alikataza tumbo lile litajwe, lisije likasikiwa na watu wabaya. Mgeni akiuliza, tulijibu kwamba tantine ana malaria.

Asubuhi moja Koko alimwona jike akitaga juu ya jiwe, kisha akigeuka na kuyameza mayai yote.

"Anakula mayai yake," alisema. "Mukuje muone. Tunalala na mulozi mu nyumba."

"Pengine alisikia njaa, maman," Papa akajibu.

"Njaa gani? Miye nilikulaka weye?"

Koko akasema dimanshi, yaani Jumapili, yule samaki ataingia katika mafuta ya moto. Tantine alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Mumuache kwanza," alisema polepole.

Mwezi ule Koko hakuweza kumnyima binti yake kitu. Samaki akabaki. Tantine akasogeza kiti karibu na kioo, akawa anashinda pale. Mimi nilirusha kumbikumbi waliosagwa. Dume alikula, jike hakugusa.

"Mulozi gani hakuli?" tantine aliniuliza. "Angalia shavu yake, imevimba." Kisha, kwa sauti ndogo: "Kama aliwakula kweli, basi na miye..."

Nilikuwa msichana mdogo, lakini nilielewa anamwuliza yule samaki kama zile mimba mbili alizila yeye mwenyewe.

Wiki zikapita, jike akakonda, kichwa kikazidi mwili. Halafu alasiri moja alifungua kinywa, na vitoto vikatoka kama vumbi lenye macho. Tantine alituita bila kupaza sauti. Koko akaja na unga mikononi, kivuli chake kikaanguka juu ya kioo, na mara vitoto vyote vikakimbilia tena ndani ya kinywa cha mama yao.

Koko akainama, akatazama muda mrefu.

"Kumbe anabebea bitoto mu kinywa," alisema. "Sasa angebebea wapi? Hana mugongo."

"Na bwana yake?" Papa akauliza.

"Bwana anatembea tu, kama weye."

Tantine alicheka mpaka akashika ubavu. Koko akajipangusa unga kwenye kitenge, akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kwetu akamwuliza juu ya tumbo lile:

"Na ule wako, anacheza?"

"Anacheza tangu asubui, maman."